Breki za diski za malori: kipuri huchaguliwa kwa namba, hubadilishwa kwa kipimo

Barabara za Kaunti ya Kwale hubeba mizigo mizito kila siku. Malori hupita na mchanga, mawe ya ujenzi, saruji na miwa. Mizigo inayoenda au kutoka Tanzania hupitia mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro, na tangu barabara ya Dongo Kundu iunganishe Miritini na Kibundani, trela linaweza kufika pwani ya kusini bila kusubiri feri ya Likoni. Katika eneo la Kinango, barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi hupita Samburu, Taru na Mackinnon Road, na malori ya masafa marefu hayakatiki usiku wala mchana.

Magari hayo hupita mbele za watu. Ng'ombeni, Kombani, Tiwi, Ukunda na Msambweni, kando ya lami kuna shule, masoko, steji za bodaboda na akina mama wanaouza maembe na mihogo. Lori lenye uzito wa tani 26 likishindwa kusimama, halichagui la kugonga. Wakenya walilishuhudia hilo tarehe 30 Juni 2023 katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, lori lilipopoteza mwelekeo na kugonga matatu, bodaboda na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walipoteza maisha.

Ni nadra breki kuharibika ghafla bila kutoa ishara. Mara nyingi hitilafu huanza wiki kadhaa kabla: pedi imekwisha upande mmoja, kalipa imekwama kwa kutu, au kipuri kilinunuliwa kwa sababu bei yake ilikuwa chini. Makala haya yanawaeleza wenye malori, madereva, makanika na wakazi wote namna breki za diski zinavyofanya kazi, jinsi ya kuchagua vipuri vyake, na hatua za kuvibadilisha kwa usalama.

Breki ya diski hufanyaje kazi?

Malori mengi ya zamani, pamoja na mengi yanayotoka Japani na Uchina, hutumia breki za ngoma. Ndani ya ngoma kuna viatu vya breki ambavyo hutanuka na kusugua ukuta wa ngoma. Malori mengi yaliyoundwa Ulaya, hasa vichwa vya trela vya miaka ya karibuni, hutumia diski: sahani nene ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Kalipa huikumbatia sahani hiyo kwa pedi mbili, moja ndani na moja nje. Dereva akikanyaga pedali, upepo kutoka kwenye matangi huingia katika chemba ya breki, chemba husukuma mkono ulio ndani ya kalipa, na pedi huibana diski.

Jambo moja ni muhimu kueleweka hapa. Kalipa nyingi za malori husukuma pedi ya ndani tu. Pedi hiyo ikishaigusa diski, kalipa nzima huteleza juu ya pini zake na kuivuta pedi ya nje. Pini zikikwama, pedi ya nje haifanyi kazi ipasavyo na pedi ya ndani hubeba mzigo wote. Ndiyo maana gari linaweza kuwa na pedi mpya na bado likawa halina breki.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Lori la tani 26, ambao ndio uzito wa juu unaoruhusiwa kwa lori la ekseli tatu katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, likiteremka mita 100 kwenda chini kwa kasi isiyobadilika, huzalisha joto linalotosha kuchemsha mitungi minne ya maji ya lita 20. Mji wa Kwale uko takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari. Lori linaloteremka kutoka mjini kupita Golini hadi Kombani lina joto jingi la kuondoa, na joto ambalo halikuchukuliwa na injini au upinzani wa hewa hubaki kwenye diski na pedi.

Kasi huongeza tatizo. Kasi ikiongezeka mara mbili, kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, kazi ya breki huongezeka mara nne. Katika kasi ya 80, lori husafiri takriban mita 22 kila sekunde. Likiwa na breki nzuri huhitaji karibu mita 50 ili lisimame baada ya breki kushika. Nguvu ya breki ikipungua kwa nusu, umbali huo hufika mita 100, yaani urefu wa uwanja wa kandanda.

Hewa ya bahari ni adui wa kalipa

Mwenye lori wa Diani au Msambweni ana shida ambayo mwenzake wa bara haipati kwa kiwango hicho. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu. Lori likilala siku chache bila kazi, diski huota kutu ya juu juu. Kutu hiyo si hatari, kwani husafika gari likitembea na kufunga breki mara kadhaa. Kutu ya hatari ni ile isiyoonekana: ndani ya pini za kalipa, na mahali ambapo bamba la pedi hukaa ndani ya fremu yake. Pedi ikibanwa na kutu hairudi nyuma dereva anapoachilia pedali. Huendelea kuisugua diski, gurudumu hupata moto, mafuta hupotea na pedi huisha kabla ya wakati.

Mchanga nao una madhara. Malori yanayoingia mashambani na machimboni hurudi na vumbi kwenye mipira inayofunika pini na pistoni za kalipa. Mpira ukipasuka, vumbi na maji ya mvua za masika huingia ndani, na kuanzia hapo uharibifu wa kalipa ni suala la muda tu.

Unyevu huingia pia katika mfumo wa upepo. Kompresa huvuta hewa yenye maji, na maji hayo hukusanyika chini ya matangi. Gari lisilo na kifaa cha kukausha hewa kinachofanya kazi vizuri linahitaji matangi yake kutolewa maji kila siku kabla ya safari. Kazi hiyo huchukua dakika chache na utingo anaweza kuifanya akielekezwa.

Dalili ambazo dereva hapaswi kuzipuuza

Dereva ndiye mkaguzi wa kwanza. Akiziona dalili hizi, gari lipelekwe kwa fundi kabla ya kupakia tena:

• Gari linavuta upande mmoja breki zinapokanyagwa.
• Usukani au pedali inatetemeka wakati wa kufunga breki.
• Sauti ya chuma kusugua chuma inasikika gurudumuni.
• Gurudumu moja lina moto kuliko mengine baada ya safari, au linatoa harufu ya kuungua. Joto lipimwe kwa kusogeza mkono karibu, bila kugusa chuma.
• Taa ya kuisha kwa pedi au ya upungufu wa upepo inawaka kwenye dashibodi.
• Upepo unashuka haraka injini ikiwa imezimwa, au sauti ya kuvuja inasikika.

Kalipa nyingi zina alama ya kuonyesha pedi ilipofika bila kufungua gurudumu. Alama moja iko kwenye kalipa na nyingine kwenye fremu isiyosogea. Pedi zinavyolika, alama hizo husogeleana. Zikilingana, ni wakati wa kufungua gurudumu na kupima.

Kuchagua pedi: anza na namba

Kosa linalofanyika sana ni kumwambia muuzaji "nipe pedi za Actros" au "pedi za trela", kisha kupokea chochote kinachofanana. Lori la jina moja linaweza kuwa na kalipa tofauti kulingana na mwaka na ekseli. Trela nalo lina ekseli za mtengenezaji wake, ambaye mara nyingi si yule aliyeunda kichwa. Kabla ya kwenda dukani Ukunda au Mombasa, andika mambo matatu: namba ya chesi ya gari, jina na aina ya kalipa kama inavyosomeka kwenye kibati chake, na namba iliyo nyuma ya bamba la pedi ya zamani.

Pedi nyingi za malori ya Ulaya huwa na namba ya WVA yenye tarakimu tano. Namba hiyo huonyesha umbo la pedi, hivyo pedi za watengenezaji tofauti zenye namba moja huingia katika kalipa moja. Namba ya WVA, hata hivyo, haisemi lolote kuhusu ubora wa malighafi. Pedi mbili zinaweza kulingana kwa umbo huku moja ikistahimili joto na nyingine ikipoteza nguvu kabla lori halijafika chini ya mteremko.

Kuhusu ubora, angalia mambo yafuatayo:

Alama ya idhini. Pedi zilizoidhinishwa kwa soko la Ulaya huchapwa herufi E ndani ya duara pamoja na namba yenye 90R. Hiyo ni kanuni ya kimataifa ya vipuri vya breki, na maana yake ni kwamba pedi hiyo ilijaribiwa na kulinganishwa na ile ya kiwandani. Alama inapaswa kuchapwa kwenye bamba lenyewe. Iliyo kwenye boksi pekee haitoshi.

Stika ya KEBS. Bidhaa zinazoingizwa nchini kwa ajili ya kuuzwa zinapaswa kuwa zimepitia ukaguzi wa Shirika la Viwango nchini. Muuzaji aonyeshe stika na atoe risiti.

Hali ya pedi yenyewe. Pedi nzuri ina bamba nene lililonyooka, kingo safi na maandishi yanayosomeka vizuri. Pedi yenye nyufa, yenye sehemu inayobanduka kutoka kwenye bamba, au yenye maandishi ya kupachikwa kwa rangi isiyo na namba ya utengenezaji, irudishwe.

Seti kamili. Boksi zuri huja na pedi nne za ekseli moja pamoja na springi na vyuma vya kushikilia. Vyuma vya zamani huwa vimechoka kwa joto na kutu, kwa hivyo visirudishwe garini. Ikiwa gari lina waya wa kuhisi kuisha kwa pedi, nunua pedi zinazoukubali, na usikate waya ili taa izimike.

Pedi zilizotumika zisinunuliwe hata kidogo. Hakuna anayejua zilipata moto kiasi gani kwenye gari la kwanza. Vilevile, tofauti na viatu vya ngoma ambavyo mafundi wenye vifaa huvivisha laini mpya, pedi ya diski iliyokwisha hutupwa. Kubandika malighafi mpya juu ya bamba la zamani ni kumtega dereva.

Bei ina nafasi yake, hasa kwa mwenye lori moja anayelipia mkopo. Lakini hesabu ipigwe yote. Pedi dhaifu huisha haraka, huichoma diski, na diski ni ghali kuliko pedi. Ukiongeza siku ambazo gari limelala gereji bila kuingiza shilingi, pedi ya bei ya chini huwa ndiyo ghali zaidi. Anayeshuku kuwa ameuziwa kipuri ghushi anaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2008.

Kuchagua na kupima diski

Diski mpya ya kalipa nyingi za magurudumu ya inchi 22.5 ina unene wa milimita 45, na kikomo chake ni milimita 37. Mtengenezaji wa Ujerumani, Knorr-Bremse, ambaye kalipa zake ziko kwenye malori mengi ya Ulaya, hupendekeza pia kwamba diski ikipungua chini ya milimita 39 wakati wa kubadilisha pedi, nayo ibadilishwe, kwa kuwa haitafikisha umri wa pedi mpya. Pedi katika kalipa hizo huwa na milimita 30 ikiwa mpya, pamoja na bamba la milimita 9. Malighafi iliyo juu ya bamba ikibaki milimita 2, pedi imekwisha. Kwa kalipa nyingine, vipimo vya kitabu cha gari ndivyo vifuatwe.

Macho hayatoshi kupima milimita. Fundi anahitaji kalipa ya kupimia, ile rula yenye taya mbili, na apime diski mahali palipolika zaidi badala ya ukingoni, kwani ukingo usioguswa na pedi hubaki mnene. Kila gereji inayohudumia malori inapaswa kuwa nacho.

Nyufa ndogo ndogo zilizotapakaa kama utando wa buibui husababishwa na joto na huweza kuvumilika. Mikwaruzo ya kuzunguka isiyozidi kina cha milimita 1.5 pia huvumilika katika aina nyingi. Kinachokataliwa ni ufa uliofika ukingoni mwa diski au uliopenya hadi kwenye matundu ya kupitishia hewa. Diski ya namna hiyo inaweza kupasuka ikiwa kazini, na haifai kurudishwa barabarani hata kwa safari moja.

Je, diski inaweza kukerezwa ili ilainike? Inawezekana ikiwa mtengenezaji anaruhusu na unene utakaobaki uko juu ya kikomo kwa kiasi cha kutosha. Diski ya milimita 39 ikikerezwa milimita moja kila upande, imefika 37, na hapo haina maisha tena.

Kubadilisha: hatua kwa hatua

Kazi hii ni ya fundi aliyejifunza breki za upepo. Mwenye gari na dereva nao wanafaa kuzijua hatua zake ili watambue kazi iliyorukwa.

1. Egesha gari mahali tambarare na pagumu, wala si kwenye mchanga. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yasiyofunguliwa. Kisha achilia breki ya kuegesha, kwa sababu ikiwa imefungwa, springi yake huendelea kubana pedi za ekseli ya nyuma.

2. Inua ekseli kwa jeki na uiweke juu ya stendi imara. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Mawe na vipande vya mbao havifai kuwa stendi.

3. Usifungue chemba ya breki ya kuegesha. Ndani yake kuna springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa sana, na ikifyatuka inaweza kuua.

4. Usipulize vumbi la breki kwa upepo wa kompresa. Vumbi hilo huumiza mapafu, na vipuri vya zamani vinaweza kuwa na asibesto, ambayo husababisha saratani. Tumia kitambaa chenye unyevu au dawa ya kusafishia breki, na uvae barakoa.

5. Kabla ya kutoa pedi, tazama zilivyolika. Ikiwa ya ndani imekwisha kuliko ya nje, au pedi imelika mshazari, sababu iko kwenye pini au kalipa. Kuweka pedi mpya bila kuondoa sababu hiyo ni kurudia gharama.

6. Rudisha pistoni kwa kuzungusha kirekebishi kwa spana ya mkono, taratibu, kwa upande ulioelekezwa. Mashine ya upepo isitumike hapa. Huvunja kirekebishi kilicho ndani, na baada ya hapo kalipa haijirekebishi tena.

7. Pedi zikiwa nje, sukuma kalipa kwa mkono. Inapaswa kuteleza kwenda na kurudi bila kukwama. Kagua mipira yote. Pini iliyokwama au mpira uliopasuka ubadilishwe, na tumia grisi ya mtengenezaji tu kwa sababu grisi ya kawaida huharibu mpira.

8. Safisha kutu mahali ambapo bamba la pedi hukaa, mpaka pedi mpya iingie na kuteleza bila kugongwa kwa nyundo. Kwa magari ya pwani, hatua hii ndiyo inayoamua kama pedi itadumu.

9. Badilisha pedi zote nne za ekseli, kulia na kushoto kwa wakati mmoja. Diski nazo hubadilishwa mbili mbili. Upande mmoja ukiwa mpya na mwingine mkuukuu, gari litavuta upande mmoja breki zinapokanyagwa, na barabara ikiwa na maji linaweza kuteleza na kujikunja.

10. Ikiwa diski inabadilishwa, katika magari mengi habu lazima itoke. Weka sili mpya, kagua bearing, tumia boliti mpya panapoagizwa, na usisahau kurudisha kihisi cha ABS mahali pake. Diski mpya isafishwe mafuta ya kuzuia kutu kabla ya kufungwa.

11. Weka nafasi kati ya pedi na diski kwa geji kulingana na kitabu, rudisha kifuniko cha kirekebishi, kisha kanyaga breki kwa wepesi mara tano hadi kumi. Achilia na uzungushe habu kwa mkono. Inapaswa kuzunguka bila kubanwa.

12. Funga nati za gurudumu kwa spana ya kupimia nguvu, kwa mpangilio wa kukingana, kisha ziangaliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeana na diski. Katika safari za mwanzo dereva afunge breki kwa upole na kwa vipindi, na aepuke kubeba mzigo mzito kwenye mteremko mkali. Gari lijaribiwe kwanza likiwa tupu, mahali pasipo na watu.

Kichwa na trela ni gari moja

Malori mengi yana mchanganyiko: kichwa chenye diski na trela lenye ngoma. Breki za trela zikiwa hazijarekebishwa, kichwa husimamisha mzigo wote peke yake. Diski zake hupata moto kupita kiasi na mwenye gari hulaumu pedi. Kwa hiyo fundi anapobadilisha pedi za kichwa kila mara, swali la kwanza ni hali ya trela. Viatu vya ngoma vinafuata kanuni ile ile: vipimwe, vibadilishwe pande zote mbili za ekseli, na kirekebishi chake kikaguliwe.

Hata kipuri bora hakiwezi kumwokoa dereva anayeteremka vibaya. Gia ya chini ichaguliwe kabla ya kuanza mteremko, na breki ya injini itumike. Kushuka gia ikiwa huru ili kuokoa mafuta huziachia breki kazi yote. Kuzidisha mzigo nako huiba nguvu ya breki iliyopimwa kwa uzito wa kisheria. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki uzito huo haupaswi kuzidi tani 56, hata kwa gari la ekseli saba.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka gari lolote lililo barabarani liwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara. Magari ya biashara pia hukaguliwa kila mwaka na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA. Cheti hicho huonyesha hali ya gari siku ya ukaguzi tu. Pedi inaweza kuisha miezi miwili baadaye, kwa hivyo ukaguzi wa kila mwaka hauchukui nafasi ya ule wa kila wiki.

Mwenye gari anashauriwa kuweka daftari dogo kwa kila lori. Ndani yake yaandikwe tarehe, kilomita, unene wa pedi na diski kwa kila gurudumu, namba za vipuri vilivyowekwa na jina la gereji. Daftari hilo huonyesha mapema gurudumu linalokula pedi kuliko mengine, na dereva mpya akija anajua gari limetoka wapi.

Dereva naye asilazimishwe kuondoka na gari ambalo ameripoti kuwa breki zake ni mbovu. Mzigo uliochelewa hufika kesho.

Mkazi asiye na lori pia ana la kufanya. Ukiona moshi au moto kwenye gurudumu la lori, mfanyie dereva ishara ukiwa mbali na usisimame mbele yake. Lori lililoegeshwa likiwa na magurudumu yanayofuka moshi lisimwagiwe maji ya baridi, kwa kuwa diski yenye moto inaweza kupasuka, na watoto waondolewe karibu. Vibanda na steji zisiwekwe kwenye ukingo wa lami chini ya mteremko. Panapotokea ajali au hatari, piga simu ya dharura 999 au 112, utaje jina la mahali na upande ambao gari linaelekea.